Distroya iliyoizamisha Goliath: chombo cha tani zisizofika 800 kiliwezaje?

Mwalimu wa Kihesa, Iringa

Habari zenu wanajukwaa. Ninafundisha historia katika shule ya sekondari hapa Iringa, na wiki iliyopita, nilipokuwa nikieleza jinsi Vita Kuu ya Kwanza ilivyoifikia nchi yetu, niliitaja manowari ya Kiingereza iitwayo Goliath, ambayo tarehe 28 na 30 Novemba 1914 iliupiga mizinga mji wa Dar es Salaam. Sisi wa Nyanda za Juu Kusini tumezoea kuvisoma vita hivi kwa upande wa nchi kavu: jeshi la Waingereza chini ya Jenerali Edward Northey lilivuka mpaka Mei 1916, likaingia Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu Langenburg, likapigana Malangali mwezi Julai na kufika hapa Iringa tarehe 29 Agosti. Habari za baharini huwa tunazipita kwa sentensi moja au mbili. Safari hii mwanafunzi wa kidato cha tatu alinisimamisha na kuniuliza: "Mwalimu, hiyo meli iliyoipiga Dar es Salaam, mwisho wake ulikuwaje?"

Nilikwenda kutafuta, na nilichokipata kimenikosesha usingizi. Miezi isiyofika sita baada ya kuondoka katika pwani yetu, Goliath ilikuwa imelala chini ya bahari huko Uturuki. Ilizamishwa katika mlangobahari wa Dardanelles usiku wa 12 kuamkia 13 Mei 1915, na watu 570 walikufa nayo, akiwemo nahodha wake, Kapteni Thomas Shelford. Iliyoizamisha ni distroya, yaani manowari ndogo ya mwendo kasi, ya Dola ya Osmani (Uturuki ya wakati ule) iliyoitwa Muavenet-i Milliye. Goliath ilikuwa na uzito wa tani zipatazo 13,000, mizinga minne mikubwa yenye mdomo wa milimita 305, na ukanda wa deraya, yaani chuma kinene cha kinga, ubavuni. Distroya ile haikufika tani 800.

Nina maswali mawili. La kwanza, ni nini katika muundo wa distroya za wakati ule kilichokiwezesha chombo kidogo kiasi hicho kuimaliza manowari kwa dakika chache? La pili, nimesoma kwamba Waingereza nao walikuwa na distroya tano zikilinda mahali palepale, ilikuwaje zisizuie? Ninaomba majibu ya kina, kwa kuwa nitayarudisha darasani.

Fundi Mitambo, Mufindi

Mwalimu, salaam nyingi. Kazi yangu ni mitambo ya kuzalisha umeme, na kwa miaka mingi nimekuwa nikisoma habari za injini za meli za zamani, kwa hiyo niruhusu nianze na muundo.

Jina lenyewe limebeba historia. Katika miaka ya 1870 na 1880 mataifa yalianza kujenga boti ndogo za mwendo kasi zilizobeba topido, yaani mabomu yanayojiendesha ndani ya maji, na manowari kubwa zikaingiwa na hofu, kwa kuwa boti ya bei nafuu ingeweza kuzamisha meli iliyogharimu mara nyingi zaidi. Waingereza wakajibu mwaka 1893 kwa kuunda Havock na Hornet, vyombo vikubwa kidogo kuliko boti hizo, vyenye mwendo wa kuzifukuza na mizinga ya kuziangamiza. Vikaitwa viangamizi vya boti za topido, kwa Kiingereza torpedo boat destroyers, na baadaye jina likafupishwa kuwa distroya. Lakini kwa kuwa vyombo hivyo navyo vilibeba topido, muda si mrefu vikaanza kufanya kazi zote mbili: kulinda manowari za kwao na kuwinda manowari za adui.

Hapo ndipo Waingereza na Wajerumani walipoachana. Mwingereza alitanguliza mizinga, akaiinua sehemu ya mbele ya meli ili ihimili mawimbi ya bahari kuu. Mjerumani aliendelea kukiita chombo hiki boti ya topido, hata kilipokuwa kikubwa kama distroya ya Mwingereza, na hakuchagua jina hilo kwa ukaidi tu: kwake silaha halisi ilikuwa topido, na mizinga ilikuwa ya kujihami. Chombo chake kilikaa chini karibu na maji, kikiwa na umbo jembamba lisiloonekana kwa urahisi usiku. Muavenet-i Milliye ni mtoto wa fikra hiyo. Iliundwa katika karakana ya Schichau mjini Elbing kwa ajili ya jeshi la majini la Ujerumani, na Dola ya Osmani ikainunua mwaka 1910 pamoja na nyingine tatu zilizofanana nayo: Yadigar-i Millet, Gayret-i Vataniye na Numune-i Hamiyet. Urefu wake ulikuwa mita zipatazo 74, upana mita zisizofika nane, na ilibeba mabomba matatu ya kurushia topido zenye kipenyo cha sentimita 45.

Kuhusu injini, ninapenda kulifafanua hili kidogo kwa sababu ndiyo kazi yangu. Distroya za mwanzo ziliendeshwa kwa injini za mvuke zenye pistoni, na zilipokimbizwa kwa nguvu zote chombo kizima kilitetemeka. Mwingereza Charles Parsons alileta tabaini, yaani gurudumu lenye mapanga mengi linalozungushwa moja kwa moja na mvuke. Anayeijua mitambo ya Kihansi au Mtera anaweza kuiona picha yake, ila mahali pa maji aweke mvuke unaotoka kwenye boila. Mwaka 1897 chombo chake cha majaribio, Turbinia, kilizipita kasi meli zote za doria mbele ya wakuu wa jeshi la majini la Uingereza, na kuanzia hapo pistoni zilianza kuachwa. Muavenet-i Milliye na wenzake walikuwa na tabaini, na walipotoka karakanani waliweza kwenda zaidi ya maili 30 za bahari kwa saa. Kufikia 1915 kasi hiyo ilikuwa imepungua, kwa sababu boila za makaa ya mawe huchoka na matengenezo wakati wa vita ni shida.

Sasa tuje kwenye silaha yenyewe. Topido ni chombo kinachojiendesha chenyewe ndani ya maji. Ndani yake mna hewa iliyoshindiliwa inayoendesha injini ndogo. Mna vali inayohisi uzito wa maji, ambayo ikishirikiana na timazi, yaani uzito unaoning'inia, huifanya topido isafiri katika kina kilekile kilichopangwa. Na kuanzia miaka ya 1890 iliongezwa pia jairo, gurudumu linalozunguka kwa kasi kubwa na kuizuia isipinde njiani. Mbele kabisa kuna kichwa chenye baruti, zaidi ya kilo 100 kwa topido za ukubwa huu. Mwalimu, hapa ndipo penye jibu la swali lako la kwanza. Ukanda wa deraya wa Goliath, wenye unene wa milimita 152, uliwekwa pale ambapo makombora ya mizinga hupiga, yaani kuanzia chini kidogo ya usawa wa maji kwenda juu. Topido hupita chini ya ukanda huo. Manowari zilizobuniwa miaka ya 1890 zilijengwa na watu waliouhofia zaidi mzinga, na bati la chini ya maji halikuwa na kinga ya kutosha dhidi ya mlipuko mkubwa unaosukumwa na uzito wa maji yenyewe. Goliath ilishushwa majini mwaka 1898. Topido tatu zilirushwa na zote tatu zikapiga.

Kwa hiyo tani 13,000 dhidi ya 800 si kipimo kinachofaa. Distroya ile haikupigana na Goliath kwa uzito wake. Kazi yake ilikuwa kuzibeba topido tatu hadi mahali ambapo haziwezi kukosa.

Dereva wa Malori, Makambako

Nimesoma kwa makini na ninaomba kuongeza jambo moja tu, kwa kuwa nimeona katika maelezo ya tukio hilo kwamba usiku ule ulikuwa wa giza na ukungu. Sisi tunaopita Njombe na kupanda Mufindi msimu wa baridi tunaujua ukungu kuliko tunavyotaka. Mtu asiyeendesha anadhani ukungu unahitaji taa kali, lakini ukiwasha taa kamili mwanga unakurudia mwenyewe, na mbele yako unasimama ukuta mweupe. Gari lililozima taa unaliona likiwa tayari limekufikia.

Manowari zilizokuwa pale zilitegemea kurunzi kubwa na macho ya walinzi. Katika ukungu mlinzi aliyesimama juu ya meli kubwa anaangalia weupe mtupu, ilhali chombo kilicho chini, chenye rangi ya giza, kikienda taratibu kikiwa kimeukumbatia ufuko wenye vilima nyuma yake, kinapotea kabisa. Nadhani kasi ambayo Fundi ameisifia haikutumika wakati wa kwenda. Injini zikikimbizwa, dohani zinatoa moshi na cheche, na povu jeupe linajitokeza omo, yaani mbele ya chombo.

Mwalimu wa Kihesa, Iringa

Ninawashukuru sana. Fundi, maelezo yako ya deraya yamenifungua macho, kwa sababu nilikuwa nikifikiri ukanda ule uliizunguka meli yote hadi chini. Ndugu Dereva, nawe umenisaidia kuliona jambo kwa macho ya Nyanda za Juu.

Bado nina shida na zile distroya tano. Aidha, baadhi ya maandishi niliyoyaona yanasema kwamba kuzama kwa Goliath ndiko kulikomwangusha Winston Churchill, aliyekuwa waziri wa mambo ya majini. Tena mengine yanampa sifa zote afisa wa Kijerumani, na mengine yanampa nahodha Mturuki. Nifundishe nini?

Mzee wa Itungi, Kyela

Mwalimu, na ninyi wote, nawasalimu. Nimestaafu baada ya kufanya kazi kwenye meli za Ziwa Nyasa kwa miaka mingi, na mambo ya chombo kilichotia nanga usiku ninayajua kwa mwili wangu. Nitayajibu maswali yako, ingawa si kwa mpangilio ulioyauliza.

Kwanza tukubaliane Goliath ilikuwa ikifanya nini pale. Baada ya majeshi ya nchi kavu kushuka katika rasi ya Gallipoli tarehe 25 Aprili 1915, manowari za zamani zilipewa kazi ya kukaa karibu na ufuko na kuwapigia mizinga Waturuki wanaokabiliana na askari wa miguu. Goliath na mwenzake Cornwallis zilikuwa katika ghuba ya Morto, ndani kidogo ya mdomo wa mlangobahari, zikiusaidia upande wa Wafaransa. Meli inayofanya kazi hiyo haina budi kutia nanga ili mizinga yake ilenge vizuri. Usiku hubaki palepale, na adui aliyeiona mchana anajua itakuwa wapi saa saba za usiku. Hata hapa ziwani tuna mfano wake. Tarehe 13 Agosti 1914 Kapteni Rhoades wa meli ya Kiingereza Gwendolen aliivamia Hermann von Wissmann pale Sphinxhaven, ambako leo tunapaita Liuli, ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, na nahodha wake Mjerumani hakuwa hata na habari kwamba vita vimetangazwa. Chombo kisichosogea hakihitaji kutafutwa.

Jioni ya tarehe 12 Mei, Muavenet-i Milliye iliteremka kuelekea mdomo wa mlangobahari. Nahodha wake alikuwa Ahmet Saffet, na pamoja naye alikuwapo afisa wa Kijerumani Rudolf Firle na mafundi wa topido wa Kijerumani. Walisubiri upande wao hadi usiku ulipokuwa mwingi, kisha wakasogea wakiambaa na ufuko wa upande wa Ulaya, kwa mwendo mdogo, na mkondo wa maji ukiwasaidia, maana maji ya juu ya mlangobahari ule hutiririka kutoka bahari ya Marmara kwenda bahari ya Aegean. Ndugu Dereva amekisia sawasawa. Tabaini zile zilikuwa na kasi kubwa, lakini usiku ule uvumilivu ndio uliowafikisha.

Distroya tano zilizokuwa zamu ni Beagle, Bulldog, Pincher, Scorpion na Wolverine. Zote zilikuwa za aina moja, mpya kuliko Goliath kwa miaka kumi hivi, na kwa mizinga ziliizidi Muavenet. Kama zingeiona, kuna uwezekano mkubwa kwamba isingerudi. Lakini doria ya usiku ni mstari wenye mapengo. Kila distroya hupita na kurudi katika eneo lake, na katika ukungu pengo kati ya moja na nyingine hupanuka kuliko ramani inavyoonyesha. Muavenet ilizipita bila kuonekana. Baada ya hapo manowari iliyoko nyuma ya mstari wa ulinzi ikiona distroya ikija polepole kutoka upande wa ulinzi wake, wazo la kwanza la mlinzi ni kwamba huyo ni mwenzetu. Na ndivyo ilivyokuwa. Yapata saa saba na robo mlinzi wa Goliath aliuliza kwa taa neno la siri la usiku ule, na kutoka Muavenet akajibiwa kwa taa pia, majibu ya kuvuta muda. Muda huo mfupi ulitosha. Topido ya kwanza ilipiga karibu na daraja la nahodha, ya pili usawa wa dohani, ya tatu upande wa tezi, yaani nyuma. Goliath ikalala ubavu, ikapinduka na kuzama katika dakika chache, na mkondo uleule uliomsaidia mshambuliaji ukawachukua mabaharia waliokuwa majini gizani. Waliookolewa hawakufika 200. Ninaomba Mwalimu hili usilipite haraka darasani, kwa maana wengi walikuwa vijana waliolala, na miezi michache tu kabla ya hapo walikuwa wakiliangalia jua likichomoza katika pwani yetu.

Kuhusu sifa, mimi ningewapa wote wawili. Firle aliujua utaalamu wa topido na alikuwa na sehemu kubwa katika mpango. Ahmet Saffet ndiye aliyekuwa na amri ya chombo, na kukiongoza katika njia nyembamba yenye mabomu ya majini yaliyotegwa na watu wake mwenyewe, bila taa, si kazi ya abiria. Mtu anayemfuta mmoja wao anafundisha siasa za baadaye badala ya usiku wenyewe.

Kuhusu Churchill, usifundishe kwamba Goliath ndiyo iliyomwangusha. Mkuu wa jeshi la majini, Admirali Fisher, alikuwa na ugomvi naye juu ya Dardanelles kwa muda mrefu, na alikuwa akidai meli mpya na kubwa kuliko zote zilizokuwa huko, Queen Elizabeth, irudishwe nyumbani. Goliath ilizama tarehe 13, Queen Elizabeth ikaondolewa, na tarehe 15 Mei Fisher akajiuzulu. Serikali ikavunjwa na kuundwa upya, na Churchill akapoteza wizara ile. Msiba ule ulikazia hoja za Fisher zilizokuwapo tayari. Kilichozifukuza kabisa manowari kwenye nanga za Gallipoli ni nyambizi ya Kijerumani U-21, iliyoizamisha Triumph tarehe 25 Mei na Majestic tarehe 27.

Jambo la mwisho ni jina, ambalo naona hakuna aliyeligusa. Muavenet-i Milliye maana yake ni msaada wa taifa. Sikiliza vizuri: muavenet ni ndugu wa neno letu auni, na milliye ni ndugu wa neno letu mila, yote kutoka Kiarabu. Meli hizi zilinunuliwa kwa msaada wa chama cha kuchangia jeshi la majini kilichoundwa mwaka 1909, na watu wa kawaida walitoa walichonacho, kama sisi tunavyochangia madarasa. Agosti 1914 Uingereza ilizichukua manowari mbili, Reşadiye na Sultan Osman-ı Evvel, ambazo Dola ya Osmani ilikuwa imezilipia katika karakana za Kiingereza na ambazo michango ya watu ilikuwamo pia. Kwa hiyo habari ya Goliath ilipofika Istanbul, mama aliyetoa bangili yake hakuisikia kama habari ya jeshi peke yake.

Dada zake wawili hawakuwa na bahati kama yake. Gayret-i Vataniye iliangamia katika Bahari Nyeusi mwaka 1916, na Yadigar-i Millet ilizamishwa na bomu la ndege ya Kiingereza huko Istanbul Julai 1917. Muavenet yenyewe ilivimaliza vita ikiwa inaelea.

Mwalimu wa Kihesa, Iringa

Shikamoo Mzee, na asante kwa moyo wote. Nimeyanakili majibu yenu yote matatu katika daftari la maandalio. Alhamisi nitawatoa wanafunzi nje badala ya kuchora ubaoni. Tutapima kwa kamba mita 74 za Muavenet, na kandokando yake mita zipatazo 130 za Goliath, ambazo zitautoka uwanja wetu wa mpira na kuingia kwenye mahindi. Yule aliyeuliza swali nitamsimamisha mwisho wa kamba fupi, aelezwe na wenzake alikuwa anaelekea wapi.